Sahani za Futari na Tetekuwanga

Tarehe 10 Machi 2025 Wizara ya Afya ilitangaza kuwa wagonjwa wawili wa Mpox wamethibitika nchini Tanzania. Tulikuwa katika kumi la kwanza la Ramadhani. Hapa Tungi, Kigamboni, habari ziliingia kwenye simu kabla jua halijazama, na hadi watu wanafuturu zilikuwa zimeshatiwa chumvi: mara ugonjwa uko Kariakoo, mara umeshavuka na pantoni. Roho za watu zikiwa bado juu, siku chache baadaye mtoto wa mpangaji wangu wa chumba cha mbele akaamka na vipele.

Mama yake alinigongea baada ya daku. "Mama mwenye nyumba, samahani, njoo unitazamie huyu mtoto." Niliingia na tochi ya simu. Mtoto ana miaka 6, yuko darasa la kwanza, na alikuwa amekaa kitandani akijikuna tumbo. Vipele vingine vilikuwa vidogo na vyekundu, vingine vimeshajaa maji maangavu, ngozi ya juu nyembamba kiasi kwamba ukucha ungeipasua kwa kuigusa tu. Kimoja kilikuwa ndani ya nywele nyuma ya sikio, kingine kwenye ufizi. Nilifundisha baiolojia sekondari mpaka nikastaafu, na vipele vya namna ile nimeviona kwa wanafunzi wengi. Lakini wiki ile nani angethubutu kutoa jibu bila kumpeleka mtoto kwa wenye kazi yao? Kulipokucha, majirani wawili walikuwa wamefunga milango, na wa tatu alisema waziwazi kwamba mtoto akienda hospitali asirudi pale.

Tulipompeleka zahanati, muuguzi wa zamu alimvua mtoto fulana, akamsogeza dirishani penye mwanga. Alianza na mgongo, akafuatia viganja, mwisho nyayo. Viganja na nyayo vilikuwa safi. Kisha akatuita tusogee. "Tazameni hapa. Hiki kimetoka leo, hiki kina maji, hiki kimeanza kukauka. Vyote viko sehemu moja." Akatueleza kwamba tetekuwanga hutoka kwa awamu, siku tatu au nne mfululizo, ndiyo maana ukitazama eneo dogo la ngozi unakuta kipele kichanga na kigaga pamoja, na vingi hujaa kifuani, tumboni na mgongoni. Vipele vya Mpox mara nyingi hukua kwa pamoja, hupenda uso, viganja na nyayo, na tezi za shingoni au kinenani huvimba. Palipo na shaka, maabara ndiyo huamua. Huko Kongo, ambako Mpox imekaa miaka mingi, si wachache waliodhaniwa kuwa nayo wakapimwa na kukutwa na tetekuwanga.

Kuchanganya magonjwa ya vipele kuna historia katika pwani hii hii yetu. Oktoba 1977, katika mji wa Merka kusini mwa Mogadishu, mpishi wa hospitali aitwaye Ali Maow Maalin alipata homa. Kwanza ilidhaniwa ni malaria. Vipele vilipotoka ikasemwa ni tetekuwanga, akaachwa arudi nyumbani. Alikuwa na ndui, naye ndiye mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa njia ya kawaida ya kuambukizana. Alipona, watu waliokutana naye walitafutwa na kuchanjwa, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imetokomezwa. Maalin alikuja kusimulia kwamba aliikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu ya sindano. Baadaye katika maisha yake aliwahimiza wazazi wa Somalia wawachanje watoto wao dhidi ya polio, na alikuwa bado katika kazi hiyo alipofariki mwaka 2013. Mtu huyu namheshimu sana.

Tuliporudi na jibu kuwa ni tetekuwanga, uwani palichangamka. Milango ikafunguliwa. Jirani aliyetaka mtoto asirudi ndiye huyo huyo aliyewatuma wanawe wakacheze naye, waupate wote kwa mpigo, yaishe. Desturi hii ni ya zamani na haikutungwa na wajinga: ukishaugua tetekuwanga mara moja, kwa kawaida huiugui tena, na mtoto mwenye afya huivuka kwa wiki moja hivi ya kujikuna na kulialia. Lakini mimi nilikuwa nikitazama milango ya vyumba vyangu mmoja mmoja, nikijiuliza nani humo ndani ni mtu mzima ambaye hajawahi kuugua.

Sababu ni kwamba mtoto yule ndiye aliyekuwa mpeleka sahani. Uwani kwetu futari haimjui asiyefunga. Muhogo wa nazi, tambi na kaimati hupita kila chumba, Mwislamu na Mkristo, na mbebaji ni mtoto mwenye miguu myepesi. Kabla adhana haijaisha alikuwa keshazunguka vyumba vyote, hapa amekaa kidogo, pale amepewa tende. Mgonjwa wa tetekuwanga huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla kipele cha kwanza hakijaonekana, na huendelea mpaka vyote vimekauka na kufunga vigaga. Kirusi husafiri hewani kwa pumzi na kukohoa, na pia kwa maji ya vile vipele. Katika nyumba moja, kati ya watu 10 wasio na kinga, 9 hivi wataupata. Kwa hiyo kumfungia mtoto ndani baada ya kipele kutoka, ingawa ni lazima, tayari ni kufuata nyuma.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo watu wengi wa mwambao hawajaambiwa. Katika nchi za baridi, kabla ya chanjo, karibu kila mtoto aliugua tetekuwanga kabla hajafikisha miaka 10. Katika nchi za joto mambo ni tofauti: ugonjwa huchelewa, na watu wengi zaidi hufikia utu uzima bila kuugua, hasa waliokulia vijijini, nyumba zikiwa mbalimbali. Halafu watu hao huja mjini. Tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe Aprili 2016, Kigamboni imejaa kwa kasi. Palipokuwa na mikorosho na minazi Kibada na Mjimwema sasa pana nyumba za kupanga, mlango kwa mlango, choo kimoja, bomba moja, na wapangaji kutoka kila mkoa. Kijana wa miaka 25 aliyekulia mahali pa nyumba nne anakuja kulala ukuta mmoja na watoto wa shule. Tukiuita ugonjwa wa watoto tunamsahau huyo, na ndiye unayemwumiza zaidi.

Mdogo wangu wa kiume ni mfano. Sisi tulikulia Kimbiji, na katika nyumba yetu ni mimi niliyeugua, nikiwa bwenini shuleni. Yeye hakuwahi. Ana miaka zaidi ya 40, anaendesha bajaji kati ya Ferry na Mjimwema, na Ramadhani nzima alikuwa akipitia kwangu kufuturu. Tetekuwanga huchukua siku 10 hadi 21 tangu kuambukizwa hadi kutoka, mara nyingi wiki mbili. Ilimtoka sikukuu ya Idd, kanzu mpya ikiwa bado haijavuliwa. Kwa mtoto wa chumba cha mbele vipele vilihesabika. Kwa mdogo wangu hapakuwa na mahali pa kuweka kidole, hadi kwenye koo na kope. Siku ya tatu akaanza kukohoa na kubanwa kifua. Ilikuwa nimonia inayoletwa na kirusi kile kile, na hutokea zaidi kwa watu wazima, wavutaji sigara na wajawazito. Alilazwa kwa oksijeni na dawa ya asaiklovia. Dawa hiyo ipo na inasaidia, lakini hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 24 tangu vipele kutoka, na mtu anayeamini kuwa ana maradhi ya kitoto hawahi hospitali. Alipona. Amebaki na makovu usoni na deni la bajaji ambayo haikutembea.

Aliyeninyima usingizi zaidi ni binti wa chumba cha nyuma. Ametoka Njombe, mumewe ni fundi ujenzi, na mwezi ule alikuwa na mimba ya miezi minne. Sahani ya tambi alipokea kwa mkono wake kutoka kwa mtoto yule, jioni ya kuamkia siku ya vipele. Nilimuuliza kama aliwahi kuugua utotoni. Hakujua. Akampigia mama yake. Mama alikumbuka kwamba kuna mwaka tetekuwanga ilipita pale nyumbani, watoto walikuwa wengi, lakini nani aliugua na nani aliepuka, hiyo imemtoka. Nilisikia sauti ya yule mama kwenye spika ikisema, "Mwanangu, ningejua kama itakuja kuulizwa ningeandika."

Binti alikuwa na kadi ya kliniki iliyojazwa vizuri: VVU, kaswende, wingi wa damu, malaria, sindano ya pepopunda. Nilipitia kila mstari. Tetekuwanga haikuwamo. Na mjamzito asiye na kinga akiipata katika wiki 20 za mwanzo, kuna hatari, ndogo lakini ya kweli, isiyozidi watoto 2 kati ya 100, kwamba mtoto atazaliwa na makovu ya ngozi, mkono au mguu uliodumaa, au madhara ya macho na ubongo. Akiipata karibu na kujifungua, siku tano kabla hadi siku mbili baada, kichanga huzaliwa bila kinga ya mama na kinaweza kufa. Mama mwenyewe yumo katika hatari ya ile nimonia. Baadhi ya nchi zenye uwezo humpa mjamzito aliyekutana na mgonjwa sindano ya kingamwili. Sisi tulikuwa na kalenda. Muuguzi alimwambia asikae vyumba vyenye wagonjwa, ajichunguze kila siku, na akiona kipele kimoja au homa aje siku hiyo hiyo, asingoje kesho. Wiki tatu zile tulihesabu. Kila asubuhi nikisikia mlango wake unafunguliwa namwangalia shingo kabla sijaitikia shikamoo. Kipele hakikutoka. Kama aliwahi kuugua Njombe au Mungu alimwepushia, hatukujua.

Nikarudi nyuma kutafuta chanzo. Mwisho wa Februari, babu wa mtoto alikuja kutoka Mkuranga kwa matibabu, akalala chumba kimoja na mjukuu. Alikuwa na mkanda wa jeshi, upande mmoja wa mbavu, malengelenge yamejipanga kutoka mgongoni hadi kifuani. Aliuficha chini ya fulana. Wenye umri wetu wanajua kwa nini. Miaka ya tisini, UKIMWI ulipokuwa ukizika watu kila wiki, mkanda wa jeshi ulikuwa hukumu. Ukionekana nao, mtaa mzima umeshakuandikia jina la ugonjwa. Ni kweli kwamba upungufu wa kinga kwa sababu ya VVU huuamsha, na mwenye mkanda akiwa kijana anafanya vyema kupima. Lakini uzee peke yake unatosha. Kirusi cha tetekuwanga, Varisela-Zosta, hakitoki mwilini baada ya vipele kupona. Hujificha kwenye mishipa ya fahamu karibu na uti wa mgongo, kama kaa la kifuu chini ya jivu, na miaka 40 au 50 baadaye, kinga ikilegea, huwaka tena katika mshipa mmoja. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari wa Hungaria, János Bókay, aliona watoto wakipata tetekuwanga baada ya kukaa na watu wazima wenye mkanda wa jeshi, na miaka ya 1950 Thomas Weller wa Marekani akathibitisha maabara kwamba kirusi ni kimoja. Maji ya malengelenge ya babu yanatosha kumwambukiza mjukuu asiye na kinga. Mzee angeweza kuyafunika kwa bandeji na kulala chumba kingine, lau aibu isingemfunga mdomo. Naamini mnyororo wetu ulianzia pale.

Chanjo ipo, na ilianza na baba aliyekuwa na mgonjwa nyumbani. Mwaka 1964 mtafiti wa Kijapani, Michiaki Takahashi, alikuwa Houston, Marekani, pamoja na familia yake. Mwanawe wa miaka 3 alipata tetekuwanga kali. Homa ikapanda, pumzi ikawa ya shida, wazazi wakakesha wakidhani watampoteza. Mtoto alipona. Takahashi alirudi Osaka akaanza kazi. Alichukua maji ya kipele cha mtoto mgonjwa wa ukoo wa Oka, akakiotesha kirusi tena na tena, kwanza katika seli za binadamu kwenye joto la chini kuliko la mwili, kisha katika seli za simbilisi wa maabara, hadi kikapoteza makali bila kupoteza sura ambayo mwili huitambua. Mwaka 1974 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kwanza. Hadi leo chanjo nyingi za tetekuwanga duniani zinatokana na kirusi kile cha mtoto Oka. Takahashi alifariki mwaka 2013, mwaka ule ule wa Maalin.

Marekani iliiingiza katika ratiba ya watoto mwaka 1995. Kabla ya hapo watu milioni 4 hivi waliugua kila mwaka, zaidi ya 10,000 walilazwa, na 100 hadi 150 walikufa, wengi wao wakiwa na afya nzuri kabla ya kuugua. Wagonjwa wamepungua kwa zaidi ya asilimia 97. Dozi moja huzuia kabisa ugonjwa kwa watu 8 kati ya 10 hivi na karibu huondoa ule mkali. Dozi mbili huzuia kwa zaidi ya 9 kati ya 10. Ikitolewa ndani ya siku tatu, hata tano, baada ya kukutana na mgonjwa, bado inaweza kuzuia ugonjwa au kuupunguza nguvu.

Kwetu haimo kwenye ratiba ya taifa. Inapatikana kwa kulipia katika baadhi ya hospitali binafsi za jiji. Nimewasikia watu wakilisema hili kwa hasira, na hasira hiyo naielewa, lakini ukweli wake una pande mbili. Surua inaua watoto wengi zaidi, nimonia na kuhara vilevile, na fedha za chanjo zilienda huko kwanza. Ningekuwa mimi ningepanga hivyo hivyo. Pili, chanjo hii ikitolewa nusunusu inaweza kuleta madhara. Watoto wachache wakichanjwa, kirusi kinapungua mtaani bila kuisha, na wasiochanjwa hukua bila kukutana nacho mpaka wawe watu wazima, umri ambao kinaumiza zaidi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linazishauri nchi zianze zikiwa na uhakika wa kufikia asilimia 80 ya watoto na kubaki hapo. Uingereza yenyewe, pamoja na utajiri wake, ilisubiri hadi mwaka 2025 ndipo ikatangaza kuiingiza kwa watoto wote kuanzia Januari 2026.

Lakini nchi yetu ilishawahi kufanya jambo la namna hii. Mwaka 2014 chanjo ya surua iliunganishwa na ya rubela. Rubela kwa mtoto ni vipele vya siku tatu. Tuliwachanja watoto kwa ajili ya wajawazito watakaokutana nao, ili vichanga visizaliwe viziwi na vipofu. Wakati wa kuchanja watoto wote dhidi ya tetekuwanga utakapofika, hoja ni hiyo hiyo. Kabla haujafika, wanaostahili kutangulia ni wanawake wasiojua kama wana kinga, kabla hawajashika mimba, pamoja na wauguzi na walimu wa chekechea. Chanjo hii ni ya kirusi hai kilichodhoofishwa, hivyo haipewi mjamzito, wala mtu ambaye kinga yake imeshuka sana, na aliyechanjwa asubiri angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba. Mtu mzima hupata dozi mbili zilizoachana wiki nne au zaidi. Asiyekumbuka kama aliugua anaweza kuchanjwa bila kupimwa. Kama kinga anayo, haimdhuru.

Kwa aliyeshaugua, huduma ni ndogo na ifanywe sawasawa. Panadol kwa homa, kwa kipimo cha umri. Aspirini isimkaribie mtoto mwenye tetekuwanga, maana inaweza kuharibu ini na ubongo. Ibuprofeni nayo iachwe, kwa sababu imehusishwa na vidonda kuoza. Kucha zikatwe, aogeshwe kila siku, apakwe kalamaini. Wanaochemsha mwarobaini sina ugomvi nao, mradi maji yapoe na mtoto asisuguliwe. Akishindwa kunywa, akihema haraka, akisinzia kupita kiasi, au ngozi ikivimba na kutoa usaha, apandishwe bajaji.

Binti wa Njombe alijifungua Septemba, mtoto mzima wa kike. Aliporudiwa na nguvu tulivuka na pantoni kwenda mjini, akachanjwa huku ananyonyesha, jambo lisilo na kizuizi, na mumewe akalipa kwa malipo ya ujenzi wa uzio mmoja. Dozi ya pili ameshamaliza. Siku hizi mpangaji mpya akija, tukishamaliza habari za kodi, Luku na zamu ya kufagia, namuuliza kama aliwahi kuugua tetekuwanga. Wengi hushangaa. Wa mwisho, kijana wa Kigoma anayefunga umeme majumbani, alisema hajui, akatoa simu mfukoni palepale na kumpigia mama yake.